Makali Matano ya Nini?

Wadau, leo tuweke kompyuta kando kidogo tuongee juu ya ndevu. Najua wengi wenu mnakuja hapa kwa ajili ya programu, lakini vumilieni. Hatutaenda mbali sana.

Mimi naishi Kitale, nyumbani ni Bungoma. Tangu nimalize chuo nimekuwa nikinyoa kwa zile nyembe za plastiki, na kila mshahara ulipopanda niliongeza makali: mawili, matatu, mwishowe matano. Shingo ikawa kama gunzi la mahindi. Vipele, madoa meusi, na asubuhi nyingine damu kwenye kola ya shati. Nikalaumu sabuni, nikalaumu baridi ya Kitale, nikabadilisha mafuta. Wapi!

Mwaka jana Kuka, yaani babu yangu kule Bungoma, akaanza kutetemeka mikono. Yeye amenyoa maisha yake yote kwa kile chuma chenye mpini mfupi: unafungua kichwa, unaweka wembe mmoja wenye makali pande mbili, unafunga. Shingo yake ni laini kama ya mtoto. Sasa hawezi tena, na kwa vile ana kisukari, mkato mdogo kwake si jambo dogo. Kwa kinyozi alikataa katakata kwenda. Akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe ndiye utaninyoa." Kisha akatazama shingo yangu. "Lakini kwanza ujifunze. Wewe hunyoi, unakwangua."

Ikabidi nisome. Chuma kile kilianza kuuzwa Marekani mwaka 1903 na King Camp Gillette, na mwaka huo viliuzwa 51 tu. Hadi leo umbo lake halijabadilika sana. Kilichobadilika ni biashara: makali mawili mwaka 1971, matatu 1998, manne 2003, matano 2006. Sisi watu wa programu ugonjwa huu tunaujua. Toleo jipya lazima liwe na kitu cha kuongeza, hata kama mtumiaji hakukiomba.

Kwa nywele zetu za kujisokota, nyongeza hiyo ina madhara. Kali la kwanza huuvuta unywele juu, la pili huukata, halafu kipande kilichobaki hurudi chini ya ngozi. Unywele ulionyooka utatoka tena. Wetu unajipinda, unachoma ngozi kutoka ndani, na mwili unauona kama mwiba. Hicho ndicho kipele. Wembe mmoja hukata usawa wa ngozi, basi.

Lakini nikiri: wiki ya kwanza na chuma nilijikata vibaya kuliko zamani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kubadilisha kifaa bila kubadilisha mkono ni kazi bure. Nikafanya kama ninavyotafuta hitilafu kwenye programu, nabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Haya ndiyo yaliyonisaidia:

1. Maji moto. Nyoa baada ya kuoga, au weka kitambaa cha moto usoni dakika 2 au 3. Unywele ukilowa unalainika.

2. Povu la kutosha, kwa brashi na sabuni. Mahali povu limekwisha, usipitishe wembe. Paka tena.

3. Pembe. Laza kichwa cha chuma shavuni, kisha teremsha mpini polepole mpaka wembe uanze kukata. Ni kama digrii 30 hivi.

4. Usikandamize! Uzito wa chuma unatosha. Hili ndilo lililonishinda kwa muda mrefu, kwa sababu ile plastiki nyepesi ilinizoesha kusukuma.

5. Fuata ndevu zinakoelekea. Zipapase kwanza kwa kidole. Zangu chini ya kidevu zinaenda chini, karibu na kikoromeo zinalala upande. Pitisha wembe kidogo kidogo, suuza, endelea. Usivute ngozi.

Malizia kwa maji baridi, na kipande cha shabu ukijikata. Badilisha wembe kabla haujaanza kuvuta.

Mtu atasema hana muda. Mimi natumia dakika kumi, na zamani nilikuwa natumia nyingi zaidi nikificha vipele. Lakini tusidanganyane: kama vipele vyako vina usaha, au una makovu yanayovimba, wembe wowote si dawa yako. Acha ndevu ziote na umwone daktari.

Na wembe hauazimwi, hata kwa ndugu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7. Kuka ana chuma chake na mimi nina changu. Nyembe zilizotumika tunazitia kwenye kopo lenye kifuniko, si kwenye shimo la takataka ambako watoto wanachezea.

Baada ya miezi miwili shingo yangu ilipoa. Ndipo Kuka akakubali. Jumamosi moja nikapanda matatu ya Webuye, nikaunganisha hadi Bungoma, nikachemsha maji, nikampaka povu. Siku hiyo mikono iliyotetemeka ilikuwa miwili yangu na miwili yake. Sikumkata. Alijipapasa shavu, akasema nimesahau chini ya sikio, na kweli nilikuwa nimesahau.

Sasa naenda kila Jumamosi ya pili. Kwa hiyo rai yangu ni hii: kabla hujaongeza makali, jifunze kwanza kutumia moja. Na kama kwenu kuna mzee anayejua kunyoa, kaa naye umtazame anavyofanya.

Wewe unanyoa vipi? Niandikie.