Ihamisheni Kompyuta, Muacheni Opareta Alipo

Leo naweka kando habari za kuandika programu, tuzungumze juu ya waya. Ndiyo, waya! Na kabla hujacheka, ngoja nikueleze jinsi waya ulivyoniumbua mimi mwenye digrii ya kompyuta.

Miaka miwili iliyopita kiwanda kimoja huku Kwale (jina nalihifadhi) kiliniita. Kompyuta yao ya kuendeshea mitambo ilikaa pale pale penye mashine. Vumbi, joto, na hii hewa yetu ya chumvi. Kila baada ya miezi kadhaa feni hujaa uchafu, kompyuta inachemka, inajizima. Wakataka kuihamishia chumba chenye kiyoyozi, mita 60 hivi kutoka pale. Je, opareta ataonaje skrini yake?

Nikajibu haraka: mbona rahisi! Tunaweka VNC, opareta anapewa kompyuta ndogo, anaiendesha ile kubwa kupitia mtandao. Ikafanya kazi, nikasifiwa, nikalipwa.

Usiku mmoja umeme ukakatika, ukarudi. Kompyuta kubwa ikawaka na kusimama kwenye skrini nyeusi ikisubiri mtu abonyeze F1. Sasa, VNC ni programu, nayo huishi ndani ya Windows. Windows haijaamka, VNC itatoka wapi? Ufunguo wa kile chumba alikuwa nao msimamizi, yuko kwake amelala. Mitambo ikasimama hadi asubuhi. Vibarua wanaolipwa kwa zamu wakarudi makwao mikono mitupu, na walioumia ni hao, si mimi.

Mzee opareta hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, programu yako ni nzuri, lakini ililala pamoja na kompyuta." Maneno hayo bado yananiuma.

Kilichohitajika pale ni kirefusha cha KVM, yaani cha kibodi, video na mausi. Ni visanduku viwili: kimoja karibu na kompyuta, kingine karibu na opareta, na kebo katikati. Hakuna cha kusakinisha. Kompyuta inadhani kibodi imechomekwa mgongoni mwake, kwa hiyo hata ile F1 unaibonyeza ukiwa mbali.

Kwa nini usivute tu waya mrefu? Kebo ya kawaida ya USB 2.0 mwisho wake ni mita 5. HDMI ya kawaida nayo ikipita mita kumi na kitu picha huanza kumetameta au kupotea. Visanduku vinavyotumia kebo ya Cat 6 hufika mita 100. Ukitaka zaidi kuna faiba, ambayo huenda mamia ya mita hata kilomita. Na faiba ni kioo, haipitishi umeme, hivyo kelele za mota kubwa na radi havisafiri nayo hadi kwenye kompyuta. Kwa kiwanda, mimi ningelipia faiba hata kama umbali ni mita 60.

Tahadhari: vingi kati ya visanduku vya Cat 6 hutumia kebo ya mtandao lakini si mtandao. Ukivipitisha kwenye swichi ya ofisi havifanyi kazi.

Kuna aina ya tatu, KVM ya kupitia IP, kama PiKVM inayojengwa juu ya Raspberry Pi. Ni nzuri kwa fundi anayetaka kuona kompyuta iliyokwama akiwa mbali. Lakini picha hubanwa na huchelewa kidogo, na swichi ikifa nawe umekufa. Tena msiifungulie intaneti hata siku moja! Atakayeingia humo ameshika kibodi ya kiwanda chenu. Na kile kitufe chekundu cha dharura kibaki na waya wake wenyewe, kisipite kwenye kompyuta yoyote.

Sasa maoni yangu. Meneja akisikia "kilomita" atataka kumpeleka opareta ofisini, mmoja aangalie mashine tano. Nakataa. Kinachoharibiwa na vumbi ni kompyuta, ihamisheni hiyo. Mzee yule husikia beringi ikianza kulia kabla skrini haijaonyesha chochote, na hunusa mkanda ukiungua. Hakuna kebo inayobeba harufu. Mpeni barakoa, mpeni kizuia kelele, lakini aione mashine yake kwa macho.

Sisi wa huku twajua kiwanda kikisimama huwaje. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa 1988 na wazee bado wanakisimulia. Base Titanium nao walimaliza kuchimba Desemba 2024. Viwanda vilivyobaki visisimame kwa sababu ya F1.

Kwa wenzangu tunaoandika programu: kabla hujajibu "mbona rahisi", uliza kwanza, je, umeme ukikatika? Mimi sikuuliza. Au mwasemaje?