Kosa la Maabara Lisimwagwe Mferejini

Nilipokuwa kidato cha nne, siku moja nilitiririsha asidi kutoka kwenye bureti nikapata jibu lisilokaribia kamwe lile la mwalimu. Jirani yangu akaninong'oneza: "Andika 24.8 kama sisi sote." Nikaandika. Nilituzwa alama zote, na hadi leo sijui ni kitu gani kilichokuwa ndani ya chupa yangu.

Kisa hicho kilinirudia akilini Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi walipoingia sekondari pevu. Kila mwalimu niliyezungumza naye alilalamikia uhaba wa maabara, na alikuwa na haki. Hata hivyo, nahofia kwamba tutajenga kuta na kununua vifaa, kisha tuendelee kupika matokeo ndani yake.

Tuutazame mfano wa Japani. Mwaka 1985, katika kampuni ya Shimadzu mjini Kyoto, mhandisi wa umeme mwenye umri wa miaka 25, Koichi Tanaka, alikuwa akishughulika na spektrometa ya tungamo. Mashine hiyo huzipa molekuli chaji ya umeme na kuzirusha: nyepesi hutangulia, nzito hufuata, na kwa muda wa safari tungamo hujulikana. Taabu ilikuwa kwamba molekuli kubwa, kama vile protini na polima, zilivunjikavunjika zilipopigwa kwa mwali wa leza. Ndipo Tanaka akakosea. Alichanganya unga laini wa kobalti na gliserini badala ya asetoni. Aliona ni hasara kuumwaga mchanganyiko huo, akaupima. Molekuli zikaruka zikiwa nzima.

Mwaka 1988, yeye na wenzake walichapisha makala kuhusu upimaji wa protini na polima kwa njia hiyo. Mwaka 2002 alitunukiwa Nobeli ya Kemia pamoja na Mmarekani John Fenn, na Mswisi Kurt Wüthrich aliyechunguza maumbo ya protini kwa mashine ya NMR. Tanaka hakuwa na shahada ya uzamifu. Alikuwa na ile ya kwanza tu.

Mwanafunzi atauliza: mbona mashine mbili? Jibu limo katika sukari. Glukosi na fruktosi zina tungamo moja, 180, kwa kuwa zina atomi zilezile kwa idadi ileile. Mizani peke yake haiwezi kuzitenganisha. NMR hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio kutambua jinsi atomi zilivyounganishwa, bila kuiharibu sampuli. Spektrometa nayo hunasa kiasi kidogo mno ambacho NMR isingekihisi. Mtafiti wa polima hutumia ya kwanza kujua mpangilio wa vipande vya mnyororo, na ya pili kupima urefu wake. Mtaalamu wa metabolomiki, elimu ya molekuli ndogondogo zinazotengenezwa na viumbe hai, huzitegemea zote mbili.

Haya si mambo ya mbali. Mwaka 2004, sumukuvu katika mahindi iliwaua watu 125 kati ya wagonjwa 317 walioripotiwa, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Sumu hiyo ni zao la kuvu, molekuli ndogo isiyoonekana kwa macho, na spektrometa ni miongoni mwa vyombo vinavyoweza kuifichua. Lakini chombo hakina dhamiri. Aliyezoeshwa tangu shuleni kuandika jibu linalotarajiwa ataliandika hata pale ambapo gunia lina sumu.

Sijidanganyi. Sumaku za NMR hupozwa kwa heli kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri, na hakuna shule yetu ya sekondari itakayomudu gharama hiyo. Daftari, kwa upande wake, ni rahisi. Katika mtihani wa KCSE, jibu la mtahiniwa hulinganishwa na la mwalimu wa shule yake. Utaratibu huo una sababu zake, kwani usahihi wa mkono lazima upimwe. Ila ukitawala masomo ya mwaka mzima, hugeuka shule ya uongo.

Walimu wenzangu, tuwape wanafunzi ukurasa wa matokeo yasiyotarajiwa, na tuutolee alama. Sisemi uzembe utukuzwe. Tanaka hakutuzwa kwa kukosea, wengi hukosea. Alituzwa kwa sababu alilipima kosa lake, akalichunguza hadi wengine wakaweza kulisoma. Mwanafunzi atakayeandika "nimepata 27.3, nami nadhani bureti ilikuwa na maji" amefanya sayansi. Mimi, na alama zangu zote, siku ile sikufanya.