Wadhamini Hawaoti Kama Uyoga

Sheria ya uchaguzi haimdai makubwa anayeutaka Urais: wapiga kura 200 wa kumdhamini katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, miwili ikiwa ya Zanzibar. Hata hivyo, kila uchaguzi ukikaribia, wakubwa wa vyama vya msimu huipanda milima ya Uluguru wakihema, fomu mkononi, wakimwomba mkulima wa Mgeta saini kabla hawajamwambia jina la chama chao! Mwaka 2020 Ndugu Hashim Rungwe wa CHAUMMA, mmoja wa wagombea 15, aliwaahidi wananchi ubwabwa, umma ukacheka. Lakini karatasi ya kura si mzaha. Ni mali ya wananchi. Chama kisicho na tawi Matombo wala Kinole kisiilaumu Tume. Wadhamini hupandwa mapema, kama migomba.