Mikkola: Mfini aliyevunja mwiko wa Safari, na kumbukumbu zinazofifia Tanzania

DEREVA Hannu Mikkola wa Ufini alipofariki dunia Februari 2021, akiwa na umri wa miaka 78, mashabiki wa mbio za magari barani Ulaya walimlilia kama bingwa wa dunia wa mwaka 1983 na mtu aliyelifanya gari la Audi Quattro liogopwe. Afrika Mashariki ilikuwa na sababu yake yenyewe ya kumkumbuka, tena ya zamani zaidi. Ndiye mgeni wa kwanza kushinda mbio za Safari.

Ushindi huo aliupata wakati wa Pasaka ya mwaka 1972, katika mbio zilizoanzia Dar es Salaam. Jambo hilo la pili ndilo linalosahaulika haraka. Kwa vijana wengi wa Tanzania leo, Safari ni mbio za Kenya, na wanashangaa kuambiwa kwamba magari hayo yaliwahi kutimua vumbi katika ardhi yao.

Aliyeshuhudia mbio za mwaka 1972 akiwa na miaka 15, leo anakaribia kutimiza 70. Kumbukumbu alizonazo hazijaandikwa popote kwa urefu unaostahili, na kila mwaka unaopita wanapungua wanaoweza kuzisimulia.

Mwiko wa mashindano 19

Mbio hizo zilianza mwaka 1953, wakati wa ukoloni, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 zilipewa jina la East African Safari, na kwa miaka mingi zilifanyika wakati wa Pasaka, msimu ambao mvua hugeuza barabara za udongo kuwa tope zito.

Katika mashindano 19 ya kwanza, washindi wote walikuwa madereva wakazi wa Afrika Mashariki. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeitwa Simba wa Kenya, alishinda mwaka 1965 kwa gari la Volvo. Wageni walikuja na majina makubwa wakaondoka mikono mitupu. Erik Carlsson wa Uswidi, aliyetamba Ulaya, alifika nafasi ya pili mwaka 1964 na hakupita hapo.

Hapo ndipo ilipozaliwa imani kwamba mgeni hawezi kushinda Safari. Haikuwa imani ya bure. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyomaliza mbio. Mwenyeji alijua mto upi hufurika baada ya mvua ya usiku na daraja gani halina kingo. Alijua pia mahali ambapo ng'ombe huvuka barabara jioni. Ujuzi wa namna hiyo haukuweza kununuliwa kiwandani.

Mwaka 1972 Mikkola na msoma ramani wake, Gunnar Palm wa Uswidi, waliuvunja mwiko huo wakiwa na Ford Escort RS1600. Sobieslaw Zasada wa Poland alikuwa wa pili kwa Porsche, na Vic Preston mdogo wa Kenya wa tatu. Miaka miwili kabla, Mikkola na Palm walikuwa wameshinda mbio ndefu kutoka London hadi Mexico. Uvumilivu wa njia ndefu haukuwa mgeni kwao.

Wafini wenzake hawakupata bahati hiyo kwa urahisi. Rauno Aaltonen, fundi asiyebishaniwa wa usukani, alirudi Safari mwaka baada ya mwaka, akamaliza wa pili mara kadhaa, na hakuwahi kuonja ushindi.

Barabara za watu

Kilichozifanya mbio hizo zikae katika kumbukumbu za watu ni mahali zilipofanyikia. Mpira wa miguu una uwanja wake, lango na kiingilio. Safari ilipita katika barabara zilezile za mabasi, malori na watoto waendao shule, kwa zaidi ya kilomita 5,000. Mtazamaji alisimama kando ya shamba lake na kumwona bingwa wa dunia akihangaika na shimo ambalo yeye mwenyewe alilijua tangu utotoni.

Litembo, katika milima ya Umatengo wilayani Mbinga, iko mbali na Dar es Salaam na mbali zaidi na Nairobi. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi miaka ya 1990. Kwa miji midogo na vijiji vya Ruvuma, kama ilivyokuwa kwa sehemu kubwa ya nchi, habari za mbio hizo zilikuwa za kusikia redioni au kusoma katika gazeti lililofika limechelewa.

Hata hivyo, mkazi wa milima hiyo hakuhitaji picha ili kuelewa. Miteremko ya Umatengo, yenye mashamba ya ngoro na kahawa, hupokea mvua hadi Aprili, na udongo wake mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni. Dereva wa lori anayeupandisha mzigo wa kahawa mlimani bila kurudi nyuma ni mtu wa kuheshimiwa. Jina la mgeni aliyepita tope la Pasaka kwa kasi na kufika wa kwanza lilikuwa na maana kamili mahali kama hapo.

Lakini kumbukumbu hiyo ina upande wa pili, ambao mashabiki wa mijini huupitia haraka. Tope linalompa dereva wa mashindano sifa ndilo linalomchelewesha mjamzito anayepelekwa katika hospitali ya Litembo, inayomilikiwa na Jimbo Katoliki la Mbinga. Dereva wa mashindano ana mafundi na kikomo cha siku chache. Mwanakijiji hana hata kimoja, na barabara ni yake mwaka mzima.

Ndiyo maana ni kosa kuzikumbuka barabara mbovu za zamani kwa huzuni ya kimapenzi, kana kwamba lami imeharibu kitu. Leo lami inatoka Songea kupitia Mbinga hadi Mbamba Bay, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Hakuna mkazi wa Ruvuma anayelilia vumbi lililoondoka. Vijiji vingi vya milimani ambavyo bado vinategemea barabara za udongo vinaisubiri zamu yao.

Jumuiya ilipovunjika

Tanzania haikuondoka katika mbio hizo kwa sababu ya barabara. Iliondolewa na siasa. Uganda iliingia katika utawala wa Idi Amin mwaka 1971, na uhusiano wa nchi tatu ukaharibika. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, njia yote ya mbio ilikuwa ndani ya Kenya, na jina likafupishwa kuwa Safari Rally. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, hadi mwaka 1983.

Maisha ya dereva mmoja yanaeleza mengi kuhusu kipindi hicho. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda, akaondoka nchini humo mwaka 1972 wakati Amin alipowafukuza Waasia, akahamia Kenya na kushinda Safari mara tano kati ya mwaka 1973 na 1982. Ukanda huu ulikuwa na bingwa wake, lakini haukuwa tena na mbio zake za pamoja.

Mikkola aliendelea kuja. Mwaka 1983, mwaka aliotwaa ubingwa wa dunia, alimaliza Safari akiwa wa pili nyuma ya Mfini mwenzake, Ari Vatanen. Mwaka 1987, akiwa na miaka 44, alishinda kwa mara ya pili, safari hii kwa Audi 200 Quattro akiwa na Arne Hertz wa Uswidi. Huo ulikuwa ushindi wake wa 18 na wa mwisho katika mashindano ya ubingwa wa dunia.

Kati ya ushindi wake wa kwanza na wa pili ilipita miaka 15. Katika muda huo shabiki wa Kenya alipata nafasi ya kumwona akikomaa na kuzeeka barabarani. Shabiki wa Tanzania alibaki na Mikkola wa mwaka 1972 peke yake.

Safari mpya, mashabiki wapya

Safari ilitolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002. Ilirejea Juni 2021, miezi minne baada ya kifo cha Mikkola, ikiwa na makao Naivasha. Urefu wa sehemu za ushindani ulikuwa takriban kilomita 320, katika njia zilizofungwa kwa magari mengine. Mfini mwingine, Kalle Rovanperä, alishinda mwaka 2022 na 2024, na kuifanya nchi yake kufikisha ushindi kumi wa Safari tangu ule wa Mikkola.

Usalama wa leo ni bora kuliko ule wa zamani, na hakuna sababu ya kutamani kurudi katika mbio za barabara zisizofungwa. Hata hivyo, bei yake ni kwamba mbio zimetoka katika barabara za watu na kuingia katika eneo moja, ndani ya nchi moja. Mashindano ya magari ya kale yaliyoanzishwa mwaka 2003 yamewahi kuvuka mpaka na kuingia kaskazini mwa Tanzania, lakini hayana uzito wa ubingwa wa dunia.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Imerudisha mambo mengi yaliyopotea mwaka 1977, ila mbio za Safari hazijarudi katika umbo la nchi tatu, na huenda gharama na kanuni za leo haziruhusu. Kilicho ndani ya uwezo wa Tanzania ni kidogo zaidi na cha haraka zaidi, nacho ni kukusanya picha zilizomo katika masanduku ya familia, kanda za redio kama bado zipo, na simulizi za mafundi, waamuzi wa vituo na watazamaji wa Pasaka ile.

Ufini imekwishaandika historia ya Mikkola kwa upande wake. Upande wa Dar es Salaam ya mwaka 1972 unaweza kuandikwa na Watanzania tu, na wenye habari hiyo hawana miaka mingine hamsini ya kusubiri kuulizwa.