Kanuni Isiyo na Historia

Mjini Lushoto, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania kina hifadhi ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu. Wanabotania wana desturi moja ya tangu zamani: mtaalamu akiona kwamba mmea ulipewa jina lisilo sahihi, hafuti jina la awali. Huongeza kibandiko kipya chenye jina analoliona sahihi, jina lake mwenyewe na tarehe. Ua dogo la zambarau la Usambara, ambalo Hermann Wendland aliliita Saintpaulia ionantha mwaka 1893, liliingizwa katika jenasi ya Streptocarpus kufuatia uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015. Jina la kwanza halikupotea.

Laiti watunzaji wa hesabu za kompyuta wangekuwa na adabu hiyo!

Aghalabu hifadhidata ya biashara haibebi tarakimu peke yake. Ndani yake huandikwa pia taratibu za hesabu, yaani msimbo unaoiamuru kompyuta ijumlishe, itoe na igawanye. Chukua mfano wa kubuni wa kiwanda kinachonunua majani mabichi ya chai kwa wakulima wa milimani. Majani yakinyeshewa, uzito wa maji hukatwa. Mtaalamu akibadili makato hayo kutoka asilimia 2 hadi asilimia 5 ndani ya hifadhidata, utaratibu mpya huufuta ule wa zamani papo hapo. Mkulima atakapokuja miezi sita baadaye, stakabadhi mkononi, akiuliza kwa nini malipo yake ya masika yalipungua, nani atamjibu? Aliyebadili hajulikani, wala siku, wala aliyetoa idhini.

Wako wanaodai kwamba nakala ya akiba ya kila usiku yatosha. Dai hilo ni dhaifu. Nakala huokoa kumbukumbu mtambo unapoharibika. Sababu ya badiliko haielezi, na nakala za zamani hufutwa ili kupata nafasi. Wengine huacha utaratibu wa kale na kuandika mwingine wenye jina lile lile lililoongezewa neno "mpya", kisha "mpya kabisa". Baada ya mwaka hakuna ajuaye upi ndio unaotumika.

Dawa yake si ngeni. Mwaka 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs, Marekani, aliunda programu ya kutunza matoleo ya msimbo. Git, itumikayo sana leo, ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Ugumu ni kwamba programu hizi husimamia mafaili, ilhali utaratibu uliomo ndani ya hifadhidata si faili. Hapana budi basi kila utaratibu uandikwe kwanza katika faili lake la maandishi, usajiliwe pamoja na jina la mwandishi, tarehe na sababu, ndipo upelekwe kwenye hifadhidata. Ruhusa ya kubadili mambo humo kwa mkono iondolewe kwa wote, hata kwa mkuu wa kitengo, ambaye mara nyingi ndiye mwenye haraka kuliko wote. Na kila usiku kompyuta ilinganishe yaliyomo ndani na yaliyo katika mafaili. Tofauti ikionekana, kuna mtu aliyepita dirishani.

Shule yenye kompyuta moja tu yaweza kulijaribu jambo hili kwa utaratibu wa kukokotoa wastani wa alama za darasa. Mwalimu abadili uzito wa mtihani wa muhula, na wanafunzi watakiwe kueleza alama za muhula uliopita zilipatikanaje.