Insha ya historia haiandikwi kwa hasira



Watoto wa sekondari wanaleta nyumbani kazi ya insha ya historia, na wamama wengi wanatuuliza watawasaidia namna gani. Kuna kazi moja mama anaiweza hata kama hakumaliza shule: mtoto amsomee insha kwa sauti, naye asikilize lugha yake.

Tuanze na mfano mwepesi, jina la kartie yetu. Saio ni pia jina la mahali katika Ethiopia. Huko, mwezi wa 7 mwaka 1941, jenerali wa Italia, Pietro Gazzera, alijisalimisha kwa jeshi la Force Publique lililotoka Kongo. Mtoto akiandika "mababu zetu simba waliwafyeka Waitaliano waoga", hiyo ni lugha ya uwanja wa mpira. Aandike nani alifanya nini, wapi na lini. Aandike pia kwamba askari walikuwa Wakongomani na wakubwa wao walikuwa Wabelgiji, hata kama hilo halitufurahishi.

Mfano mzito ni vita ya Ituri ya 1999 hadi 2003. Hapa mtoto anaandika maneno aliyoyasikia nyumbani, karibu na mbabula: "wale walituua, sisi tulijitetea". Lakini katika darasa moja wanakaa watoto wa jamii zote. "Sisi" wa kaye moja ni "wale" wa kaye nyingine. Na "wale" ni nani? Ni watu wenye silaha tu, ama pia bibi mzee aliyekuwa shambani kwake?

Tazameni namna Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilivyosema. Tarehe 14/3/2012 ilimpata Thomas Lubanga na hatia ya kuingiza watoto chini ya miaka 15 katika kundi la silaha na kuwatumia vitani. Tarehe 7/3/2014 ilimpata Germain Katanga na hatia ya kusaidia uhalifu uliotendwa Bogoro tarehe 24/2/2003. Kuna jina, tendo, mahali na tarehe. Haikuhukumu kabila.

Basi, ukisikia "wale", muulize mtoto: nani hasa? Ukisikia tusi, mwambie alifute na kuweka tendo lililofanyika. Ukisikia "kila mtu anajua", muulize: umelisikia wapi?

Kama amelisikia kwako, aandike wazi: "kufuatana na ushuhuda wa mama yangu". Ushuhuda wako una thamani. Mwelezee uliyoyaona kwa macho, na yale uliyoyasikia tu umwambie kwamba uliyasikia.

Kuandika hivi si kusahau wafu wetu. Tusi halimwambii msomaji nani alikufa. Jina, mahali na tarehe vinamwambia, na jirani wa kabila lingine anaweza kusoma mpaka mwisho bila kufunga kaye.