Likizo Ng'ambo? Twendeni Unguja!

Wanachama wenzangu, tukiulizwa twende wapi likizo ng'ambo, wengi hupayuka, "London!" "Dubai!" Mimi nasema Unguja. Kiswahili sanifu tunachotahiniwa kimejengwa juu ya Kiunguja. Mbona basi tusiende kukisikia kwa wenyewe? Mchana tutazame milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2000. Jioni tule urojo Forodhani.

Lakini jamani, uzuri bila usalama ni bure. Mwaka wa 2011 meli ya Spice Islander, iliyopakia kupita kiasi, ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mamia ya watu wakafa. Tukiona chombo kimejaa, tusipande, hata kama tiketi tunazo mkononi. Kawia ufike!